Panya akipoa, kiharusi kinapungua: kutatua matatizo ya modeli ya uzi

Mwishoni mwa Mei Lubumbashi hubadilika. Asubuhi watu wanatembea wamejifunika vitenge mabegani, magunia ya makala yanaisha haraka sokoni, na ukiamka alfajiri sakafu ya labo inauma nyayo hata ukiwa na viatu. Ni kipupwe hicho kilichonifundisha zaidi kuhusu panya wa kiharusi, wale tunaowaziba mshipa wa ubongo kwa uzi ili kuuiga ugonjwa, kuliko makala zote nilizosoma. Panya tuliowapasua Februari walitoka na eneo pana jeupe kwenye ubongo, yaani sehemu iliyokufa, kama tulivyotarajia. Wa Juni, kwa mikono ileile na uzi uleule, walitoka na alama ndogo kama punje ya mchele, na wengine hawakuwa na kitu. Tukalaumu uzi. Tukamlaumu kijana aliyekuwa bado anajifunza kushona. Wiki ya tatu ndipo tulipomwekea kipimajoto panya aliyelala mezani, kikasoma nyuzi joto 34.1.

Ninaandika kwa wenzangu wa labo ndogo, ambako umeme unakatika na dawa ya usingizi ni ile iliyopatikana, si ile iliyoandikwa kwenye itifaki. Nikisema panya, ninamaanisha yule mkubwa wa maabara mwenye gramu 250 hadi 300. Yule mdogo nitamwita kipanya.

Modeli yenyewe kwa ufupi. Panya akiwa kwenye nusukaputi, unafungua shingo, unapata karotidi, mshipa mkubwa unaopeleka damu kichwani: ya pamoja, na matawi yake ya nje na ya ndani. Unaingiza uzi wa nailoni wenye kichwa cha silikoni, unausukuma hadi uzibe mahali mshipa wa kati wa ubongo unapoanzia. Baada ya dakika 60 au 90 unauvuta na damu inarudi. Koizumi na wenzake wa Japani waliieleza mwaka 1986, wakiupitisha uzi kwenye karotidi ya pamoja. Longa na wenzake mwaka 1989 waliupitisha kwenye kisiki cha karotidi ya nje, na kwa njia hiyo karotidi ya pamoja inabaki wazi damu inaporudi. Zamani watu walilalamika kwamba damu kurudi kwa ghafla hivyo haifanani na mgonjwa. Leo malalamiko hayo yamepungua nguvu: tangu majaribio makubwa yaliyochapishwa mwaka 2015, wagonjwa wengi katika nchi zenye vifaa wanatolewa donge la damu kwa katheta, na damu inarudi kwao ghafla vilevile.

Hakuna sehemu iliyokufa, au ni ndogo mno

Nitakaa hapa kwa muda, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapopoteza wanyama bure.

Anza na joto, kabla hujagusa uzi. Panya aliye kwenye nusukaputi hatetemeki wala hajikunji. Amelala chali, shingo imenyolewa na kupakwa spiriti, mishipa ya ngozi imefunguka na joto linatoka. Katika chumba cha nyuzi joto 17, dakika kumi tu zinatosha kumshusha chini ya 36. Na kipimajoto cha njia ya haja kubwa hakisemi yote. Mwaka 1987 Busto na wenzake wa Miami walionyesha kwamba wakati damu imekatika, ubongo wa panya unaweza kupoa sana huku joto la mwili likionekana la kawaida, na kwamba tofauti ya nyuzi chache tu ndani ya ubongo inaamua kama seli zitakufa au zitapona. Ubaridi unapunguza mahitaji ya seli na unazuia mmwagiko wa glutamati, kemikali inayozichosha seli hadi zife. Kwa maneno mengine, panya uliyemwacha apoe umeshampa dawa, tena dawa yenye nguvu kuliko nyingi zilizowahi kujaribiwa.

Lengo ni nyuzi 37, nusu juu au nusu chini, tangu anapolala hadi anapotembea mwenyewe. Watu wengi wanalinda joto wakati wa kukata na kushona, kisha wanamrudisha kwenye kizimba baridi kwa zile dakika 90 za kuzibwa. Dakika hizo ndizo zenye uzito kuliko zote. Umeme ukikatika na pedi ya joto ikazima, tumia glavu ya upasuaji iliyojazwa maji ya moto na kufungwa fundo, ukaizungushia kipande cha kitenge. Usiibandike kwenye ngozi moja kwa moja, na pima kila dakika tano. Glavu inadanganya upande wa pili pia: siku moja tulimfikisha panya 39.2 kwa nia njema kabisa, na joto la namna hiyo linakuza kidonda, yaani ile sehemu ya ubongo iliyokufa. Ilibidi tumtoe kwenye hesabu na kuandika kwa nini. Kuna taa ndogo ya meza tunayoielekeza kichwani, si tumboni, kwa sababu kichwa ndicho kinachopoa bila mtu kujua.

Joto likiwa sawa, sasa angalia uzi. Kwa panya wa gramu 250 hadi 300 kichwa cha silikoni kiwe na upana wa karibu 0.35 hadi 0.40 mm, na kiingie karibu milimita 18 hadi 20 kutoka pale karotidi inapogawanyika. Weka alama ya wino kwenye uzi kabla ya kuanza, usitegemee jicho. Kichwa chembamba kinaruhusu damu kupita pembeni. Panya akikua gramu 60 zaidi wakati mnasubiri vifaa vipitie mpakani Kasumbalesa, uzi uliomfaa mwezi uliopita haumtoshi tena. Pima uzito asubuhi ya upasuaji. Uzito wa juzi hautakusaidia.

Mwenye kifaa cha leza-Dopla ataona mtiririko wa damu ukishuka kwa asilimia 70 au zaidi uzi unapofika. Wengi wetu hatuna. Basi mwamshe panya kwa muda mfupi uzi ukiwa bado ndani, kisha mwinue kwa mkia juu ya meza. Panya aliyezibwa upande wa kulia atakunja mkono wa kushoto kuelekea kifuani badala ya kuunyoosha aitafute meza, na akiwekwa chini atazunguka kuelekea kushoto. Bederson na wenzake walitoa kipimo hiki rahisi cha 0 hadi 3 mwaka 1986, na hakigharimu kitu. Asiyeonyesha dalili yoyote wakati huo, mshipa wake haukuzibwa. Lakini kanuni ya kumwondoa mnyama wa namna hiyo iandikwe kabla ya jaribio kuanza. Ukiitunga baada ya kuona matokeo, unachagua unachotaka kuona.

Mwisho, dawa ya usingizi. Hapa kwetu ketamini ndiyo inayopatikana kwa urahisi, na mara nyingi inachanganywa na zailazini. Jua zinachofanya. Ketamini inaziba mlango wa NMDA, mlango uleule ambao glutamati inautumia kuua seli, kwa hiyo inaulinda ubongo. Zailazini inazuia insulini na kupandisha sukari ya damu, na sukari nyingi inakuza kidonda. Ndani ya panya mmoja una kitu kinachopunguza na kingine kinachoongeza, na uwiano wake unabadilika kadiri unavyoongeza dozi mezani. Isoflureni, dawa ya usingizi ya kuvuta, nayo inalinda ubongo kwa kiasi, ila dozi yake inashikika na mnyama anaamka haraka. Kama huna isoflureni, usiache kazi, lakini weka dozi moja kwa makundi yote, andika dakika za usingizi za kila mnyama, na usijaribu dawa inayofanya kazi kwenye mlango wa NMDA huku ukiwa umeshauziba mwenyewe.

Uzi unagoma njiani

Ukigoma karibu milimita 10, karibu hakika umeingia kwenye mshipa wa terigopalatini, tawi linalotoka kwenye karotidi ya ndani kuelekea kaakaa. Usisukume. Rudisha nyuma milimita chache, geuza pembe ya kuingilia, elekeza ncha upande wa katikati, jaribu tena. Ikishindikana mara tatu, funga tawi hilo kwa uzi mwembamba wa hariri. Anayesukuma kwa nguvu atalipia usiku, kama ifuatavyo.

Panya amekufa kabla ya saa 24

Usimtupe. Fungua fuvu, toa ubongo taratibu, ugeuze uone upande wa chini. Hapo ndipo jibu lilipo.

Ukikuta damu iliyoganda imetanda kwenye mduara wa mishipa ya chini ya ubongo, uzi ulitoboa ukuta. Sababu mara nyingi ni ncha ngumu. Uzi uliochomwa moto ncha ikawa duara unatoboa zaidi kuliko wenye kofia laini ya silikoni, na kwa maoni yangu hakuna sababu nzuri ya kuendelea na ule wa kuchoma hata kama ni bei nafuu: kila panya unayempoteza ni ghali kuliko uzi, na ni uhai. Huyo aandikwe kama kifo cha upasuaji, wala asihesabiwe kama kiharusi kikali.

Sehemu ya chini ikiwa safi lakini upande mmoja umevimba na kusukuma mwenzake, ni uvimbe wa kiharusi chenyewe. Angalia muda wa kuziba, na angalia joto la baada. Kwa panya aliyezibwa kwa muda mrefu, haipothalamasi nayo inaweza kuumia, na haipothalamasi ndiyo inayotawala joto. Mnyama anapanda homa yake mwenyewe bila glavu wala pedi. Tuliposhuka kutoka dakika 120 hadi 90, vifo vya aina hii vilipungua sana.

Ubongo ukiwa hauna tatizo lolote la kuonekana, rudi shingoni. Neva ya vagasi inatembea bega kwa bega na karotidi, kama uzi mweupe unaong'aa. Ukiibana kwa koleo, pumzi inaharibika. Itenganishe kwa vifimbo vya pamba vilivyolowekwa kwenye maji ya chumvi, usiivute.

Kuna kifo kingine cha polepole: panya anakonda siku ya pili na ya tatu, halafu unaandika kwamba kiharusi kilikuwa kikali. Si lazima. Kwa njia ya Longa umefunga karotidi ya nje, na ndiyo inayolisha misuli ya kutafuna. Taya linauma, hawezi kuvunja chakula kigumu, hafikii chupa ya maji. Tunamlowekea chakula kiwe laini kama uji mzito, tunakiweka sakafuni mwa kizimba kwenye kifuniko cha chupa, na tunampa maji ya chumvi yaliyopashwa joto chini ya ngozi, mililita chache asubuhi na jioni. Dawa ya maumivu apewe, na iwe ileile kwa wote. Akipoteza asilimia 20 ya uzito, usisubiri afe mwenyewe. Mapendekezo yaliyochapishwa mwaka 2017 kwa jina la IMPROVE yalitungwa kwa ajili ya modeli hizi hasa, na yanaweka utunzaji huu kuwa sehemu ya jaribio.

Rangi ya TTC haieleweki

TTC ni kemikali tunayoloweka vipande vya ubongo ili tuone kilichokufa: inageuka nyekundu pale mitokondria, viwanda vya nishati ndani ya seli, zinapofanya kazi. Sehemu hai inakuwa nyekundu ya tofali, iliyokufa inabaki nyeupe. Kama ubongo mzima umetoka waridi hafifu, pande zote mbili, hicho si kiharusi. Ama maji ya kuogeshea hayakufika nyuzi 37, ama myeyusho uliachwa kwenye mwanga, ama ulichelewa kuutoa ubongo. Chupa ya TTC ivikwe karatasi ya aluminiamu na myeyusho utengenezwe siku hiyohiyo.

Kosa letu lilikuwa friza. Ubongo unagandishwa kidogo, dakika kumi hivi, ili ukatike vipande vya milimita 2 bila kupondeka. Umeme ukikatika friza haigandishi, unakata uji. Umeme ukirudi na wewe uko kwenye simu, dakika kumi zinakuwa arobaini, mitokondria zinaharibika, na kila kipande kinabaki cheupe. Weka saa. Simama hapo.

Ukipima eneo, kumbuka uvimbe. Upande ulioumia umejaa maji, kwa hiyo eneo jeupe linaonekana kubwa kuliko seli zilizokufa kweli. Njia ya Swanson na wenzake ya mwaka 1990 ni rahisi: chukua eneo la upande usioumia, toa eneo jekundu lililobaki upande ulioumia. Na usitumie TTC siku nyingi baada ya kiharusi, maana seli za kinga zinazoingia kusafisha nazo ziko hai, zinanyonya rangi.

Mmoja ana kidonda kikubwa, mwingine kidogo

Kama joto, uzi na usingizi viko sawa, basi angalia ukoo. Panya wa ukoo wa Sprague-Dawley wanajulikana kutofautiana kati ya koloni moja na nyingine. Panya wa SHR, wenye shinikizo la damu la kurithi, waliozalishwa na Okamoto na Aoki huko Kyoto, wanatoa vidonda vikubwa na vinavyofanana zaidi. Kwa vipanya, tofauti ya mishipa inayounganisha mbele na nyuma ya ubongo inaweza kubadili kila kitu. Usichanganye wanyama wa vyanzo viwili katika kundi moja. Usichanganye majike na madume bila kupanga, kwa kuwa homoni za kike zinalinda. Pima sukari kwa tone la damu ya mkia kabla ya kukata, kwa kifaa kilekile cha wagonjwa wa kisukari. Ni dakika moja.

Dawa imefanya kazi vizuri mno

Hii inakuja na furaha, na ndiyo inayoniogopesha kuliko zote.

Miaka ya 1980 dawa ya MK-801 ilionekana kuokoa ubongo wa jebili, mnyama mdogo wa jangwani ambaye wengi wa jamii yake mishipa ya mbele na ya nyuma ya ubongo haiungani. Mwaka 1990 Buchan na Pulsinelli waliwashikilia jebili hao wasipoe, na kinga ikatoweka. Dawa ilikuwa inashusha joto. Ubaridi ndio uliookoa. Ndiyo maana nasema kipimajoto kisiishie chumba cha upasuaji. Kama dawa yako inalegeza mnyama, pima joto kwa saa kadhaa baada ya kuamka, kwa kundi la dawa na kundi la maji ya chumvi.

Kisha jiulize nani alijua mnyama yupi amepewa dawa. Mwaka 2006 jaribio la kwanza kubwa la NXY-059, dawa ya kulinda ubongo, kwa wagonjwa lilionekana kuleta matumaini. La pili, lenye wagonjwa zaidi ya 3,000, halikuonyesha faida. Macleod na wenzake waliporudi kwenye majaribio ya wanyama, mwaka 2008, walikuta kwamba pale watafiti walipopanga wanyama kwa bahati nasibu na kuficha nani amepewa nini, faida ya dawa ilikuwa ndogo kuliko pale ambapo hawakufanya hivyo. Na si dawa moja tu: hesabu iliyochapishwa mwaka 2006 ilikusanya tiba 1,026 zilizowahi kujaribiwa kwa kiharusi. Kinachofaa wagonjwa wetu leo kinahesabika kwa vidole.

Sisemi kwamba mnyama anadanganya. Mwaka 1985 Zivin na wenzake waliwapa sungura wenye madonge ya damu ubongoni dawa ya kuyeyusha, wakapona vizuri zaidi. Miaka kumi baadaye jaribio la Marekani lilithibitisha jambo hilohilo kwa binadamu, na dawa hiyo bado inatumika. Sungura wale walikuwa na donge halisi, kama mgonjwa. Ukitaka kujaribu dawa ya kuyeyusha donge, usitumie uzi wa nailoni, hauyeyuki. Ukitaka kujua kinachomtokea mama wa miaka 60 wa Katuba, hapa Lubumbashi, ambaye shinikizo lake halijawahi kupimwa, dume kijana mwenye afya hatakujibu peke yake.

Kuficha makundi hakuhitaji pesa. Mtu mmoja anachanganya dawa na kuandika namba kwenye chupa, mwingine anapasua, wa tatu anapima picha za TTC bila kujua. Tukiwa wawili tu, tulimwomba mama anayetunza stoo afiche orodha kwenye bahasha. Alituuliza kwa nini hatuaminiani. Nikamwambia, «Mama, macho ya mtu yanakwenda pale moyo unapotaka.» Akaifungia kabatini pamoja na funguo za friza, na hakutupa hadi namba zote zilipokwisha kuandikwa.

Juni iliyofuata tulianza upya. Daftari sasa lina safu ya joto mbele ya safu ya uzito: kabla ya kukata, kila dakika kumi za kuziba, damu inaporudi, saa mbili baadaye. Panya kumi na wawili. Tisa walitoka na vidonda vinavyofanana na vya Februari. Mmoja alikufa, damu ikiwa chini ya ubongo. Mmoja uzi wake uliishia milimita 16. Na wa mwisho umeme ulikatika, glavu ikapoa kabla hatujaiona, akafika 35.2, na kidonda chake kilikuwa nusu ya cha wenzake. Wote kumi na wawili wamo kwenye jedwali.